Majina ya Watu Simuni Mwako ni Amana

Ndugu zetu wengi wa Morogoro mjini, na wa milimani Kinole, Matombo na Mgeta, wametutaka tuandike maneno machache juu ya mikopo itolewayo kwa simu, na juu ya fedheha inayowafuata walioichukua. Tulikuwa tukiakhirisha, tukidhani kuwa jambo hili ni la vijana, na kwamba mtu mwenye akili atalikimbia pasipo kuambiwa. Tumekosea. Limekwisha kuingia katika nyumba za watu wazima, wenye biashara za sokoni, waalimu, madereva, hata watu wa msikitini. Na sisi wenyewe limetubishia mlango, kama utakavyosoma.

Asubuhi moja, nimetoka kuswali alfajiri, simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa namba nisiyoijua. Ulisema kuwa fulani bin fulani, na hapo wakamtaja kwa jina kijana mmoja ninayemjua tangu alipokuwa akija kwangu na juzuu kwapani, ni mwizi, amekimbia na fedha za watu. Ya kuwa mimi nimeandikwa mdhamini wake. Na ya kuwa nisipomlazimisha alipe kabla ya saa sita za mchana, jina langu nalo litatangazwa. Chini yake palikuwa na picha ya uso wake, na juu ya picha neno MWIZI kwa herufi nyekundu. Mimi sikumdhamini mtu. Sikuulizwa, sikutia sahihi, wala sikujua kuwa ana deni. Nilipokwenda sokoni nikakuta ujumbe ule ule umemfikia mama anayemletea ndizi kutoka Kinole, na mwalimu wa mtoto wake, na fundi aliyemshonea kanzu mara moja tu miaka mitatu iliyopita, na mkwewe. Ewe msomaji, wewe wajua mkwe ni nani katika desturi zetu, na kama mtu aweza kukaa naye jamvi moja baada ya maneno kama hayo.

Nilimwita kijana yule. Alikuja jioni, ameinamisha kichwa, hakutaka kukaa. Alisema mtoto wake aliugua, zikahitajiwa shilingi 100,000 usiku ule ule; akaona tangazo simuni kuwa mkopo hutolewa kwa dakika tano, bila rehani na bila mdhamini. Akaomba 100,000, akaingiziwa 70,000, zilizobaki zikakatwa kwa jina la ada. Na siku ya saba akatakiwa arudishe 100,000 kamili. Alipochelewa siku mbili tu, watu wake wakaanza kupelekewa ujumbe. Jina la kampuni ile sitalitaja, kwani sikusudii ugomvi na mmoja. Walio mfano wake ni wengi, na watu wamekwisha kuipa mikopo ya namna hii jina lake, "kausha damu".

Bila rehani na bila mdhamini. Maneno haya mawili ndiyo somo letu, kwani yote mawili ni uongo.

Sikiliza jinsi mambo yanavyokwenda. Programu ya mkopo, mtu anapoiweka simuni, humwomba rukhsa moja baada ya moja: rukhsa ya kuyasoma majina na namba za watu zilizomo simuni, rukhsa ya kuusoma ujumbe wake, ili ionekane fedha zinazoingia na kutoka kwa M-Pesa na mfano wake, rukhsa ya kutazama picha, rukhsa ya kujua mahali alipo. Kila ombi lina majibu mawili, kuruhusu na kukataa. Na akikataa, mara nyingi mkopo haupatikani. Akibonyeza neno "Ruhusu", majina yote hunakiliwa kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha kahawa, yakapelekwa katika kompyuta za kampuni, ambazo huenda zi nchi nyingine kabisa. Tangu hapo, hata akiifuta programu, hata akiitupa simu yenyewe katika mto Morogoro, majina yamekwisha kwenda.

Basi rehani ipo. Mkopeshaji hakuchukua shamba, wala baiskeli, wala cherehani. Amechukua uso wa mtu mbele ya jamaa zake. Na wadhamini wapo pia, nao ni wote walioandikwa simuni, illa hawajui kuwa wamedhamini. Zamani mdai alikuja nyumbani, akapiga hodi, akaidai haki yake kwa mdaiwa mwenyewe, na jirani akisikia, amesikia kwa bahati. Mdai huyu wa leo huwaendea majirani kwanza.

SWALI. Majina yaliyomo simuni mwangu nimeyaandika mimi kwa mkono wangu. Je, si mali yangu, nikampa nimtakaye?

JAWABU. Si mali yako. Na sisi watu wa Uluguru ndio tungepaswa kulifahamu jambo hili kabla ya wengine, kwa sababu ya ardhi yetu. Tangu zamani ardhi ya Waluguru ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mtu hulima sehemu yake, hupanda migomba na mihogo, hula na kuuza alichovuna. Walakini ardhi yenyewe hawezi kumwuzia mgeni kwa shauri lake peke yake, kwani ndugu zake wamo ndani yake, na watoto ambao hawajazaliwa wamo. Akiiuza kwa siri, wenye ukoo husema ameuza asichokuwa nacho. Namba ya mtu ni vivyo hivyo. Aliyekupa amekupa uitumie: umwite ukiwa na mgonjwa, umjulishe msiba, umwulize bei ya maharage ya Mgeta. Hakukupa uipeleke mnadani.

Tena tazama jinsi tunavyoyaandika majina hayo. Daktari wa Presha. Dada wa Kliniki. Wakili wa Kesi ya Shamba. Fulani Deni la Mahindi. Mwenye kuusoma mfululizo huo kwa jicho la biashara ataijua afya ya mtu, na ugomvi wake, na umaskini wake, na ya jamaa zake pamoja, bila ya kumwuliza yeyote neno. Katika Surat An-Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe; na katika Surat Al-Hujurat tumekatazwa kupeleleza. Simu ya leo ina milango mingi kuliko nyumba, na nyuma ya kila mlango yuko mtu asiye wewe.

Katika fiqhi jambo hili lina jina lake la siku zote, nalo ni amana. Mwenye kuwekewa amana hana rukhsa ya kuiweka rehani kwa deni lake mwenyewe. Lau mtu angaliwekewa mbuzi 200 na watu 200, kisha akawaweka wote rehani usiku mmoja kwa shilingi 70,000, tungalimwita nini? Na mbuzi ni mwepesi, kwani mbuzi hulipika.

SWALI. Lakini kijana yule alibonyeza "Ruhusu" kwa hiyari yake. Kampuni ina kosa gani?

JAWABU. Hili ndilo neno wanaloliegemea wenye makampuni, na wengi wetu hulikubali upesi, tukasema: ameyataka mwenyewe. Tulipime polepole.

Kwanza, hiyari yake, hata ikiwa kamili, ni juu ya mambo yake tu. Hakuwa wakili wangu, wala wa mkwewe, wala wa yule fundi. Kampuni ilijua hivyo, maana kila mtu ajua kuwa katika simu ya mtu mmoja yamo majina ya watu wengi. Mwenye kununua kitu naye anajua kuwa muuzaji si mwenyewe, hawezi kujitetea kwa kusema ameuziwa.

Kisha, hiyo hiyari yenyewe ni ya namna gani? Ni usiku, mtoto ana homa, masharti yameandikwa kwa Kiingereza, kurasa kwa kurasa, kwa herufi ndogo kama mbegu za ulezi. Biashara katika dini sharti lake ni ridhaa ya pande mbili, na anayezama hushika chochote akipewacho. Wala si sisi wenye vitabu vya fiqhi peke yetu tusemao hivi. Katika mwaka 2023 kampuni iitwayo Worldcoin ilipiga picha mboni za macho ya watu huko Nairobi, na kila aliyekubali alipewa sarafu za mtandaoni zenye thamani ya kiasi cha shilingi 7,000 za Kenya. Watu walipanga foleni ndefu. Serikali ya Kenya ikaisimamisha kazi hiyo mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Na mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru khabari zote zilizochukuliwa zifutwe, na katika sababu zake ikasema kuwa ridhaa iliyopatikana kwa kushawishiwa na fedha haikuwa ridhaa halali. Nimelisoma jambo hili nikamkumbuka kijana wetu. Yule wa Nairobi alitoa jicho lake mwenyewe, na hata hivyo mahakama imesema haikufaa. Basi vipi aliyetoa majina ya wenziwe?

Tatu, iko sheria ya nchi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa maneno mafupi, sheria hiyo yataka khabari za mtu zikusanywe kwa kusudi halali lililotajwa. Zisizidi zinazohitajiwa kwa kusudi lile. Zisigeuzwe kwa kazi nyingine. Zisiwekwe kupita muda wake. Na zilindwe zisivuje. Mwenyewe ana haki ya kujua kilichochukuliwa, na kukisahihisha, na kukataa. Na kila mwenye kukusanya khabari za watu yampasa ajiandikishe kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na akivunja sheria iko adhabu ya faini, na ya kifungo. Sasa uliza: katika kumkopesha mtu shilingi 70,000, namba ya fundi wa kanzu yahitajiwa kwa kusudi gani? Haimo katika kupima kama mtu aweza kulipa. Imewekwa kwa siku ya kuaibisha. Mwenye kuchukua kamba hali hana mzigo wa kufunga, mtazame anamkusudia nani.

Wala kampuni ya mkopo si mwenye dhima pekee. Programu hizi hupatikana katika duka la Google lililomo simuni mwetu, na Google imekataza, tangu tarehe 31 Mei 2023, programu za mikopo kuomba majina na picha za watu. Hilo ni jema. Walakini lango lilikuwa wazi miaka kadhaa, na watu waliopita humo hawakurudishiwa kitu. Na leo wako wanaozitawanya programu zao nje ya duka, kwa kumpelekea mtu kiungo katika ujumbe. Abonyeze, ajiwekee mwenyewe, bila ya mlinzi yeyote kumtazama.

Jirani zetu wa Kenya wametutangulia kidogo katika kuwashika wakosaji. Mwezi wa Septemba 2023 ofisi yao ya kulinda khabari za watu iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu, Mulla Pride, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya, kwa sababu ya kutumia majina na namba za watu walizozipata kwa wengine kuwapelekea vitisho watu. Ni jambo lile lile lililonifikia mimi baada ya alfajiri. Basi si kweli kwamba haiwezekani kuwashika.

SWALI. Na serikali, wajibu wake ni upi?

JAWABU. Serikali ina wajibu wa namna mbili, na watu huutaja mmoja wakausahau wa pili.

Wa kwanza ni kuwazuia wenye nguvu wasiwale wanyonge. Katika hili Benki Kuu ya Tanzania, mwezi wa Novemba 2024, ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, ikawatahadharisha watu. Twashukuru kwa hilo, na twaomba watu waisome. Lakini orodha ya majina, katika biashara hii, ni kama kumkataza fisi kwa kutaja rangi yake: programu iliyokatazwa asubuhi yaweza kurudi jioni kwa jina jingine na picha nyingine. Ni afadhali kuzifuata fedha zinakopita, na kuzifuata laini za simu zinazotuma matusi. Laini zote zimesajiliwa. Hakuna laini isiyo na kidole cha mtu.

Na hapo ndipo penye wajibu wa pili. Mwakumbuka foleni za mwisho wa mwaka 2019, sisi sote tumesimama juani tukingoja kuweka vidole juu ya kile kioo kidogo. Siku ya mwisho iliwekwa 31 Desemba, ikasogezwa hata 20 Januari 2020, kisha laini zisizosajiliwa kwa kidole zikaanza kufungwa. Tuliambiwa kuwa shabaha yake ni kuukata utapeli; kila mtuma ujumbe atajulikana. Tukatoa vidole. Leo ule ujumbe wa "hela hiyo tuma kwa namba hii" bado twaupokea. Na katika taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano za mwaka 2024, mkoa wetu wa Morogoro, pamoja na Rukwa, umetajwa kuwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa namba zilizohusishwa na utapeli. Tuone haya. Njia moja inayojulikana ni ya wakala asiye mwaminifu: humwambia mzee wa shamba kuwa kidole hakikusoma, weka tena, kidole cha kwanza kimesajili laini ya mzee, cha pili kimesajili laini ya mwizi kwa jina la mzee. Kila mmoja wetu abonyeze *106# katika simu yake, atazame laini zilizosajiliwa kwa jina lake, kwani huenda akakuta wapangaji asiowajua.

Wazee wetu waliokata katani katika mashamba ya Morogoro walilijua neno kipande: kadi ambayo juu yake mnyapara alihesabu siku za kazi. Huko Kenya kipande kilikuwa kizito zaidi. Tangu kiasi cha mwaka 1920, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua cheti chenye alama za vidole vyake na maneno ya bwana wake juu yake, akakivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Aliyeandikwa vibaya na bwana mmoja hakupata kazi kwa mwingine. Sitaji hayo ili kusema kuwa serikali ya leo ni ile ya wakoloni; hiyo si kweli, wala si insafu. Nataja kwa sababu alama ya kidole ni ile ile, na kinachotofautisha kipande na kitambulisho ni kitu kimoja tu: kama mwenye kidole ana mahali pa kumshitakia mwenye daftari. Kipande hakikuwa na mahali hapo.

Na hapa kwetu mpango ulikwenda kinyume. Vidole vilitolewa hata Januari 2020, na sheria mahsusi ya kuzilinda khabari za watu ikaanza Mei 2023. Zaidi ya miaka mitatu daftari limejaa, na mlinzi wake hajaajiriwa. Tume yenyewe ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Tena sheria imewacha milango kwa mambo ya usalama wa taifa na upelelezi wa makosa ya jinai. Milango hiyo yahitajiwa, hatukatai, kwani mwizi hapelelezwi kwa kuombwa rukhsa. Rai yetu ni kuwa ufunguo wake ukae kwa hakimu, asiushike yule yule anayetaka kuingia. Ibara ya 16 ya Katiba imekwisha kuyatia hifadhini maisha ya mtu ya faragha na mawasiliano yake. Na hifadhi ambayo mlinzi mwenyewe aweza kuivuka pasipo kuulizwa, huyo mlinzi hatulindi, twamwamini tu. Neno la siri likiibiwa hubadilishwa. Kidole kikiibiwa, mtu atakibadilisha na nini?

Sasa nitasema neno ambalo baadhi ya ndugu zetu hawatalipenda. Tumewalaumu wenye makampuni, tumeikumbusha serikali. Sisi wenyewe je? Siku ya 10 Agosti 2019, Jumamosi, siku za karibu na Idi ya Kuchinja, lori la mafuta lilipinduka Msamvu. Watu wakaenda kuchota, moto ukawaka, na waliokufa, pale pale na baadaye hospitalini, walipita 100. Watu wa Morogoro hawahitaji kusimuliwa. Lakini kabla maiti hazijafunikwa, picha zao zilikuwa zimekwisha kwenda simu kwa simu mpaka nchi za mbali: watu walioungua, hawana nguo, wengine wangali hai wakiomba maji. Hakuna kampuni iliyotulazimisha. Hakuna aliyetukopesha kitu. Tulibonyeza wenyewe, tukaandika "Innaa lillahi" chini yake, kana kwamba maneno hayo yanasitiri alichokifunua mkono. Mwosha maiti akiona aibu juu ya mwili huificha, hata kwa mwanawe mwenyewe hasemi. Na sisi tulipeleka miili ya jirani zetu kwa watu wasiojua hata Msamvu iko wapi. Fikiri mama aliyeijua shati ya mwanawe katika simu ya mtu ndani ya daladala.

Na sisi wenye madrasa tujihesabu pia. Huko Kenya, katika siku zile zile za Septemba 2023, shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi. Nilipoisoma khabari hiyo niliona haya, kwa sababu najua picha ngapi za watoto wetu, na zaidi za mayatima, zimepelekwa kwa wafadhili wa mbali, mtoto ameshika sahani tupu, na jina lake limeandikwa chini. Hatukumwuliza. Tulisema ni kwa ajili ya kheri. Kampuni ya mkopo nayo ina neno lake la kusema.

SWALI. Na mdaiwa je? Hana kosa?

JAWABU. Deni ni deni, na kulilipa ni wajibu. Aliyekopa kwa nia ya kutorudisha amedhulumu. Lakini katika Surat Al-Baqara, baada tu ya kukatazwa riba, yametajwa maneno ya kumngoja mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wasaa. Na hesabu ya siku saba, 70,000 kwa 100,000, mwenye kuijua riba hahitaji miwani kuiona.

SWALI. Mimi nimekwisha kubonyeza. Nifanye nini?

JAWABU. Usiifute programu kwanza. Weka kumbukumbu ya kila kitu: ujumbe uliotumwa, namba zilizoutuma, kiasi ulichopokea, kiasi unachodaiwa, na tarehe zake. Piga picha ya kila ujumbe, na uwaombe waliopelekewa wakuhifadhie wao. Kisha ingia katika mipangilio ya simu, uiondolee programu ile rukhsa ya majina, ujumbe na picha. Majina yaliyokwisha kwenda hayatarudi kwa hilo, lakini mapya hayatafuata. Tazama kama jina lake limo katika orodha ya Benki Kuu. Kisha peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi; na wewe ambaye hukukopa, uliyepelekewa matusi tu, nawe una haki ya kulalamika, kwani khabari iliyotumiwa ni yako. Vitisho na matusi ni kazi ya polisi, wala usione haya kwenda. Haya ndiyo silaha yao. Wakijua kuwa huioni, wamepoteza rehani.

Limebaki jambo ambalo Tume haiwezi kukufanyia, nalo ni kwenda kwa wenye amana. Kijana wetu alilipa ile 70,000 aliyoipokea, akakataa zilizozidi, akapeleka malalamiko. Kisha tukakaa kibarazani mimi na yeye, tukayaandika katika daftari majina yote yaliyokuwamo simuni mwake, yakapita 200. Wa karibu tulikwenda kwa miguu. Wa milimani tuliwapigia simu, na mtandao wa huko ukikatika twangoja mtu ashuke na mzigo wa ndizi. Kwa kila mmoja alisema maneno yale yale: nilikuwa na dhiki, nikalitoa jina lako pasipo kukuuliza, nakuomba radhi, na ujumbe ukikujia usiujibu, uuhifadhi. Wengine walicheka. Wawili walikasirika, na walikuwa na haki. Yule fundi wa kanzu alisema hakumbuki hata kumshonea. Kwa mkwewe tulikwenda mwisho, usiku, tukasimama mbali na mlango, tukapiga hodi mara tatu.